Sumaku Iliyobaki Mfukoni

Ndugu zangu wa kikundi, shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mwenyekiti ameniambia nisitaje jina la mtu. Nimemsikia, lakini nitataja, maana nikificha jina, uchungu unabaki kwangu peke yangu. Anaitwa Wekesa, wa Kitale. Ni bakoki wangu: tulitahiriwa asubuhi moja, tukapakwa tope la mto mmoja. Wa kwetu mnajua, bakoki hadanganywi.

Alinipigia simu. Ati kuna gari la kizamani la Kiamerika, milango miwili, injini ya silinda nane, mzungu wa shamba aliliacha. Jekundu, likinguruma madirisha yanatetemeka. Mimi nikaona harusi tu, nilikodishe kwa maharusi. Bibi harusi gani Bungoma atakataa kupanda hilo?

Pesa sikuwa nayo. Mke wangu alikuwa na ng'ombe wawili wa gredi, aliwalea tangu ndama. Nikamwomba tuwauze. Siku ya tatu akakubali, akasema, "Baba Nekesa, ukikosea, tutakunywa chai ya strungi bila tone la maziwa mpaka tuzeeke."

Nilipita kwa mzee mmoja Kalasinga mwenye karakana hapa mjini. Akanipa sumaku ya spika ya redio. "Pitisha kwa bodi," akasema. "Isiposhika, hapo si chuma, ni dongo la kuzibia matundu. Inua zulia uone sakafu. Guza boneti kabla injini haijawashwa; ikiwa ya moto, muuzaji anaficha kitu."

Nikafika Kitale mapema. Nikagusa boneti: moto! Nikauliza. Wekesa akacheka, "Nililitoa nje ulione." Nikatia mkono mfukoni nitoe sumaku. Akaona. "Bakoki! Na mimi unanipima?"

Ndugu zangu, nawaambia, mkono ulikufa humo mfukoni. Niliona aibu. Sikuinua zulia. Nilitoa pesa, tukala kuku kwake, nikashukuru.

Harusi ya kwanza ilikuwa Matulo. Barabara ya murram, mimi nikiendesha, nasikia nyuma kraa! Kiti cha bibi harusi kimezama. Sakafu imefunguka, anaona barabara ikipita chini ya miguu yake, gauni limekuwa jekundu kwa vumbi. Kaka yake akaja dirishani: "Mzee, umetuletea gari ama jeneza la bati?" Watu wakacheka. Bibi harusi alifika kanisani kwa miguu, analia. Nyinyi pia mlicheka, mlioko hapo nyuma, nawajua.

Nikarudi Kitale. Wekesa hata kiti hakunipa. "Si ulikuja na macho, bana? Nani alikukataza kuangalia?"

Hiyo ndiyo iliniua. Kutapeliwa mtu anatapeliwa. Lakini aliitumia aibu yangu kama ufunguo.

Nililala wiki nzima. Siku moja mke wangu alikuwa anafua, akakuta sumaku katika ile suruali ya Kitale. Alitoka na mikono ya sabuni, akaiweka kwenye mlango wa gari. Ikaanguka. Akaiweka kwenye ubavu. Ikaanguka. Akazunguka gari lote hivyo, na mimi nikimwangalia dirishani kutoka kitandani, nikihesabu ikianguka. Akaja akaniwekea mkononi. "Injini yake nzima?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi amka."

Niliamka. Yule mzee akanipa kona ya karakana na mashine ya kuchomelea. Shule niliacha darasa la tano, lakini kukata kutu hakuhitaji kalamu. Nilikata, nikachomelea, miezi mingi. Leo gari linabeba maharusi, na ndama mmoja amerudi zizini.

Asante mzee wangu. Asante Mama Nekesa, strungi uliinywa bila kunisema. Wekesa sijamsamehe. Msiniombee hilo leo.

Sumaku ni hii, naiacha mezani. Anayeenda kununua gari aichukue, airudishe. Aitoe mfukoni mbele ya muuzaji, amtazame usoni, hata kama muuzaji huyo ni mimi.