Hakuna Avuaye Helmeti Kabla ya Mlango

Saa sita kamili mchana, Jumapili ya pili ya Oktoba, Gommaar De Wispelaere alikuwa bado hajafika. Wenzake watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi la Godelieve, mwenye mkahawa, mkabala na kanisa la kijiji cha Wolvelde, Ubelgiji, wakinywa kahawa ya tatu, helmeti vichwani. Benchi lenyewe ni ubao wa mwaloni uliolazwa juu ya mapipa mawili ya bia, na kila Jumapili safari ya baiskeli ya kilomita mia na ishirini huanzia hapo na kuishia hapo. Kwa utaratibu wa kijiwe hiki, hakuna anayevua helmeti wala anayekwenda nyumbani mpaka Gommaar aingie uwanjani, ahesabu vichwa kwa kidole, kisha avue yake. Yeye huendesha nyuma ya wote ili asibaki mtu njiani. Ndiyo maana wanamwita Mlango: akishapita yeye, safari imefungwa.

Utaratibu huo ulianza baada ya Remi Verhoest kuangukia mtaroni kwenye barabara ya mashamba ya viazisukari. Wenzake walifika benchini mmoja mmoja, na kila mmoja alidhani Remi amewahi nyumbani kula. Gari la maziwa ndilo lililompata, Jumatatu asubuhi, amekufa. Gommaar alikuwa katika safari ile. Tangu wakati huo hajaendesha mbele ya mtu.

Siku hiyo lakini hakuna aliyemtaja Remi. Walikuwa na hasira, na hasira yao ilikuwa juu ya saa.

Aliyeanza ni Pier Goethals, muuza makabati ya jikoni, ambaye kijiwe kinamwita Askofu kwa sababu hawezi kuomba sukari bila kuhubiri. Mama mkwe wake alikuwa anatimiza miaka themanini siku hiyo, na supu ilikuwa imeshapakuliwa. Simu yake ilikuwa imelia mara kadhaa, na sasa alikuwa ameilaza kifudifudi kwenye meza iliyo mbele ya benchi.

— Mvumilivu hula mbivu, alisema. Mimi nimevumilia, na mbivu yangu inapoa mezani kwa mama mkwe. Huyu mzee ana neno na sisi.

— Ana pancha, alisema Roza.

Roza Lambrecht ni muuguzi wa hospitali, na jina lake la kijiweni ni Zamu. Alitoka kazini alfajiri, akabadilisha nguo chooni, akapanda baiskeli moja kwa moja. Alikuwa hajalala tangu jana, na macho yake yalionyesha.

— Pancha saa nzima? Hata ingekuwa gurudumu la trekta lingekuwa limeshazibwa.

— Basi mpigie simu.

Askofu alicheka bila furaha. Simu ya Mlango hukaa juu ya friji yake. Akiulizwa kwa nini haichukui, hujibu kwamba baiskeli tayari ina kengele.

Wa tatu kwenye benchi alikuwa Wannes Baert, mwenye kibanda cha chipsi kilicho upande wa pili wa uwanja. Huyu ni Wastani, kwa kuwa hakuna mazungumzo anayoyamaliza bila kutaja wastani wa mwendo wake. Siku hiyo ndiye aliyefika wa kwanza, na alikuwa ameshahakikisha kila mtu anajua. Kwa maelezo yake, aliwatoka wenzake kwenye ukungu chini ya mlima wa mawe, wakati kila mtu ameinamisha kichwa kwa ajili ya mvua. Wenzake walipofika walimkuta ameshashika kikombe, na mafuta kibandani yameshachemka. Mkewe, Annelore, alikuwa ameshaanza kuhudumia waliotoka misani.

— Kilomita thelathini na tatu kwa saa, alisema Wastani. Kwenye mvua. Halafu mtu wa thelathini na tatu anafungiwa kwenye benchi na mtu wa kumi na nane.

Hapo ndipo Askofu alipotoa hoja. Alitaka utaratibu ubadilishwe: safari ipunguzwe iwe kilomita themanini, kila mtu akimaliza aende zake, na Mlango afike saa anayotaka. Alisema watu wa benchi hili si wale wa zamani waliokuwa wakirudi na kukuta chakula kinawangoja. Siku hizi mtu ana kazi, watoto, wazee wa kuwatunza. Akamalizia kwa methali, kwamba aliye juu mngoje chini, lakini hakuna popote paliposemwa aliye nyuma naye angojewe.

Zamu aliweka kikombe chini kwa nguvu, kahawa ikamwagika kwenye kisahani.

— Themanini ni zako wewe, Askofu. Una Jumamosi, una jioni, una gereji yenye baiskeli ya kukanyagia ndani huku unatazama televisheni. Mimi wiki nzima nageuza watu vitandani. Hizi mia na ishirini ndizo wiki yangu. Ukizikata, unanikata mimi.

— Sasa mbona unalalamika kungoja?

— Nalalamika kwa kuwa nina usingizi. Sijasema asingojewe.

Wastani aliingilia akimuunga mkono Askofu, na kwa dakika kadhaa watu hawa watatu walizungumza kwa pamoja. Kilichoeleweka ni kwamba kila mmoja anaiba muda huu mahali fulani. Askofu amemwambia mkewe kwamba safari ni ya ushauri wa daktari. Zamu amebadilishana Jumapili zake na wenzake hadi Pasaka, na Krismasi yote atakuwa wodini. Wastani hulala Jumapili alfajiri, akishaosha vikaango vya Jumamosi, na huamka kabla joto halijaingia kitandani. Mwezi uliopita Annelore alimpa sharti: saa tano kamili mafuta yawe moto, la sivyo baiskeli inauzwa. Lilisemwa mbele ya wateja, kwa hiyo kijiji kizima kinalijua.

Saa iliposogea, sababu za kuchelewa kwa Mlango nazo zilikua. Askofu alisema yuko kwa yule mjane wa mayai, njia ya Oudenaarde, ambaye humkaribisha supu. Zamu alimjibu kwamba mjane huyo ameshahamia kwa binti yake. Askofu akahamia kwenye nadharia nyingine, kwamba wastaafu wana chuki na watu wa kazi, na kwamba kuna mpango wa makusudi wa kuwachelewesha. Padri yumo, kwa sababu yeye ndiye aliyesogeza misa. Kilabu cha kijiji jirani nacho kimo, maana kinataka wachezaji wa Wolvelde wakose mashindano ya mwaka huu.

— Wachezaji gani? Zamu aliuliza. Wewe una kitambi.

— Mimi naongelea kanuni.

Wastani alikuwa na yake, nayo ilikuwa kubwa kuliko zote. Alisema Mlango hana miguu tena. Ana baiskeli ya umeme, ameificha kwenye banda la nyasi karibu na kinu cha maji. Kila Jumapili akifika hapo anabadilisha, anapanda mlima kwa umeme, kisha anabadilisha tena juu. Leo betri imekufa kwa unyevu.

— Na iliyobaki chini anaipandishaje? aliuliza Zamu.

— Ana mtu.

— Mtu gani?

— Ndiyo maana nasema ni mpango.

Godelieve alitoka na birika na bakuli la biskuti za mdalasini. Alimimina bila kuuliza. Alisema birika hili likiisha hakuna jingine, kwa sababu anafunga aende kwa mwanawe, na kwamba kikombe kimoja kati ya vilivyobaki humo ni cha Mlango. Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu.

Wakati huo Veerle alirudi kutoka kwenye gari lake. Ni mwalimu wa chekechea, amehamia kijijini mwezi Agosti, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza na benchi. Alikuwa ameshabadilisha nguo, lakini helmeti bado iko kichwani kama alivyoelekezwa. Mkononi alishika koti la mvua la manjano, lililochakaa kwenye viwiko. Wote walilitambua. Mlango alimvisha pale mvua ilipoanza, kwa kuwa mgeni hakuja na lake.

— Nilitaka kumrudishia, alisema. Bado tu?

— Bado, alisema Askofu. Kaa, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji achelewe.

Veerle hakukaa. Aliwatazama mmoja mmoja.

— Asubuhi mliniambia Mlango hasogei mpaka kila mtu awe mbele yake.

— Ndiyo kazi yake.

— Na sisi wote tuko hapa.

— Wote.

— Sasa huko nyuma anamngoja nani?

Godelieve alisimama na birika mkononi. Kutoka ng'ambo ya uwanja ilisikika sauti ya viazi vikiingia kwenye mafuta.

Zamu ndiye aliyegeuka kutazama baiskeli. Zilikuwa nne, zimeegemezwa kwenye ukuta wa kanisa. Baada ya mlima wa mawe kuna barabara ya mashamba, na mwezi wa kumi matrekta ya viazisukari huiacha imejaa udongo. Baiskeli tatu zilikuwa na udongo huo mpaka kwenye viti. Ya nne ilikuwa na maji tu.

— Wannes, alisema. Hakutumia jina la kijiweni. Ulipanda mlima?

— Nimeshasema nilipita chini ya...

— Sijakuuliza ulipita chini ya nini. Ulipanda?

Wastani alishika kamba ya helmeti chini ya kidevu, akaiachia. Alisema pale kwenye kinu njia zinagawanyika. Upande wa mlima mtu anarudi kwa saa nzima. Kwa barabara kuu ni dakika ishirini. Alisema saa ilikuwa imeshaenda.

— Mlango ulimwambia nini?

— Nilimwambia atangulie, nakojoa kidogo.

— Mlango hatangulii.

— Najua hatangulii.

— Unajua.

— Alisogea mpaka kwenye kona, kwa heshima. Nikageuza.

Askofu alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Alimuuliza kama ana akili. Alimuuliza mara mbili, bila methali yoyote. Zamu hakupandisha sauti. Alisema mzee wa miaka sabini na mmoja yuko mvuani bila koti, anamtafuta mtu aliyekaa hapa anakula biskuti na kumtukana, na kwamba yeye Zamu amesikiliza habari ya thelathini na tatu tangu saa tano.

Wastani alisimama. Uso wake ulikuwa mwekundu.

— Mnataka niseme nini? Ningemwambia, angesema mafuta yanaweza kungoja. Mafuta hayangoji. Annelore hangoji. Nyinyi mna mishahara, mimi nisipochemsha hakuna wiki. Nimelala kwa muda wa saa mbili na nusu tu, nikaendesha kilomita mia moja, nikafika kwa wakati. Mara moja tu nimefika kwa wakati kila mahali.

— Ungemwambia tu unakwenda nyumbani, alisema Veerle. Si ndiyo sheria mliyonipa, kwamba anayekatiza safari amwambie Mlango?

Annelore alikuwa anamwita kutoka kibandani. Foleni ilikuwa imefika kwenye sanamu ya askari. Wastani alitazama kule, akatazama barabara. Kisha akachukua koti la manjano mkononi mwa Veerle, akalifunga kiunoni, akaelekea ukutani na kupanda baiskeli yake. Hakuwa na haja ya kutafuta helmeti. Alipita mbele ya kibanda chake bila kugeuza kichwa. Annelore alimtazama mpaka alipopinda kona, halafu akageuza kikaango.

Askofu alisema naye angekwenda, kama si mama mkwe. Zamu alimwambia anyamaze. Simu yake ilitetemeka ikifuata ukingo wa meza, ikaanguka, na hakuiokota.

Walirudi saa saba na nusu. Gommaar alikuwa mbele, jambo ambalo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuliona. Wastani alimfuata kwa umbali wa nyumba mbili. Koti la manjano lilikuwa bado kiunoni kwa Wastani. Alikuwa amempa mwenye koti, naye hakulipokea. Gommaar alikuwa na matope mpaka mapajani, na viganja vyake vilikuwa vimechanwa na miiba. Alishuka polepole. Aliegemeza baiskeli kwenye meza, akanyoosha kidole, akahesabu: Askofu, Zamu, Veerle, Wastani. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

Godelieve alimsogezea kikombe chake. Hakukigusa.

— Nimeingia mitaro yote miwili, alisema. Ya kulia na ya kushoto. Mpaka pale alipokuwa Remi.

Alimwambia Wannes, lakini alikuwa anamtazama Askofu, na Zamu, na tena Askofu, waliokaa benchini bila kwenda kutazama. Alishika usukani, akavuka uwanja akiikokota baiskeli kuelekea nyumbani kwake, helmeti kichwani.

— Mzee, Askofu aliita. Helmeti.

Gommaar hakugeuka. Mlango wa nyumba yake ulisikika ukifungwa.

Godelieve alimwaga kahawa ile kwenye bustani ya maua, akageuza birika kuonyesha kwamba limekwisha, akafunga. Foleni ya chipsi iliisha, na Annelore akashusha dirisha la kibanda. Saa tisa mvua ilikuwa imerudi. Wanne hao walikuwa bado kwenye benchi, na helmeti zote nne zilikuwa vichwani.