Ng'ombe wa Mahari Wahesabiwe Wapi?

Asubuhi hiyo pale kwenye benchi la kahawa la Ghati, Kamunyonge, hata kashata hazikuguswa. Mugeta alikuja mbio, simu mkononi: mdogo wake yuko zizini Butiama na bwana mifugo, wanataka jibu sasa hivi. Ndama wachanjwe ndigana, ule ugonjwa wa kupe, au waendelee kuogeshwa dawa tu? Ndigana ilishamuulia ndama, na hawa wakifa hana kitu. Sasa sisi tupewe swali hilo na kahawa ya moto, tunyamaze?

— Wale wa mwanzo nilichanjaga sita, akasema Mugeta. Leo yupo mmoja. Wa kuogeshwa walikuwa sita, wapo wanne.

— Imeisha hiyo! akaruka Benson, tunamwita Profesa kwa sababu alifundishaga tuisheni. Chanjo imeua watano!

— Imeua wapi? nikamkatiza. Mugeta, hao watano wameenda wapi?

— Mmoja alikufa. Wanne nilitoa mahari kwa akina Yuliana. Si nilichagua wenye afya!

— Zizini hawapo. Wamekufa, akasema Profesa.

Florian, mvuvi wa Kibara, jina lake hapa ni Kamongo, akagonga benchi.

— Mura, unaua ng'ombe za watu kwa mdomo! Hao wanne futa, kama hawakuwepo. Wanabaki wawili: mzima mmoja, mfu mmoja.

— Nusu kwa nusu! akadakia Profesa. Bado kuogesha kunashinda!

— Basi wote wanne wazima mpaka leo! akafoka Kamongo. Mpaka mwaka kesho! Ng'ombe wa mahari hafagi!

Tulicheka mpaka Ghati akamwaga kahawa.

— Si umpigie baba mkwe umuulize kama wapo? akasema Ghati.

Kicheko kikakatika. Mkwe apige simu kuulizia ng'ombe wa mahari? Kesho yake wazee wapo mlangoni wakiuliza ndoa ina nini! Na simu ya Butiama ikaita tena.

Ndipo akafika Yuliana mwenyewe, mke wa Mugeta, na beseni la dagaa. Akasikiliza, akashusha beseni.

— Mimi nilitoka kwetu hao ng'ombe walipoingia. Kwetu nao wananihesabu nimekufa?

Profesa alichungulia kikombe.

— Wanajua ulikuwa mzima mpaka siku ya kuondoka, Kamongo akasema polepole. Baada ya hapo hawajui... Mugeta! Hao wanne walikaa kwako muda gani baada ya chanjo?

— Zaidi ya mwaka! Siku ya kuwaswaga walitupiga mateke njia nzima!

— Na wale wawili wa kuogeshwa waliokufa?

— Hawakumaliza hata masika.

— Sasa unangoja nini? Mwaka wao wape: waliochanjwa wameuvuka watano kati ya sita, wa kuogeshwa wanne; ya baada ya hapo sema hujui!

Mugeta akapiga kelele kwenye simu:

— Chanja wote! Wote!

Benchi zima likashangilia. Yuliana peke yake hakucheka.

— Na hiyo "hawajui" yangu itaisha lini? Tangu harusi hujawapigia kwetu hata siku moja.

Mugeta akatuangalia, akabonyeza namba, akasimama wima.

— Shikamoo baba... Hapana, baba, siulizii ng'ombe! Nilitaka tu mjue, Yuliana ni mzima.