Mshono wa Upande wa Mama

Fundi cherehani, hata akistaafu, hawezi kuona mshono umepinda akanyamaza. Basi la kwenda baharini alilopanda mzee mmoja fundi mstaafu halijatoka hata mjini, jirani yake wa kiti, mwanamke wa makamo aliyekuwa anakwenda likizo, akatoa foronya kwenye kapu na kuanza kudarizi. Fundi alivumilia, akavumilia zaidi ya nusu ya njia, mwisho yakamshinda.

“Dada, samahani. Upande wako umenyooka. Huu wa zamani alishona nani? Unayumba kama mlevi.”

“Marehemu mama yangu. Kila likizo tulikwenda nayo ufukweni. Haikuisha, nikarithi mimi.”

“Basi lete mkasi nifumue. Tukifika nimeshaunyoosha, hata marehemu atafurahi.” Hakuna aliyemwomba, lakini mkono ulikuwa umeshafika.

Mwanamke akaikumbatia foronya. “Usiguse, mzee wangu! Alikuwa anashona huku ananiangalia majini. Kila nikipiga mbizi macho yananitafuta, sindano inakwenda kivyake.”

Fundi akaguna. Mshono mbovu ni mbovu tu, alitaka kusema, ila akainama kuufuata kwa kidole. Ulipinda, ukapinda tena, halafu karibu na pindo ukanyooka ghafla, kama wa mashine.

“Na hapa je?”

“Hapo nilikuwa nimeshatoka majini. Nimekaa ubavuni pake, nimejifunga taulo.”

Basi likafika ufukweni, likasimama. Abiria wakashuka na mabegi yao, harufu ya chumvi ikaingia mlangoni, na kidole cha fundi kilikuwa bado pale mshono uliponyooka.