Ngamia wa Ncha ya Mirihi

— Elfu sitini si pesa ya chai, Keinan.

— Nani amekataa? Lakini maji yapo. Wewe ndiye umechoka kuchimba. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu ya vumbi?

Tulikuwa tumefika hapo kabla kahawa ya kwanza haijapoa, kwenye gogo letu mbele ya jiko la Ugbad, mama muuza kahawa, karibu na soko la mifugo hapa Garissa. Mimi kijiweni naitwa Nyoosha, kwa kuwa neno langu halina kona. Keinan tunamwita Setilaiti: huwatafutia watu mahali pa kuchimba kisima kwa kutazama picha za angani kwenye simu, bila kuondoka kivulini. Alinionyesha shamba langu kutoka juu, vijia vinatoka kila upande na kukutana pamoja kama miguu ya buibui. Akasema ngamia hawakutani bure, chini pana maji, na yakikosekana pesa yangu inarudi. Nikalipa. Nimechimba mpaka aliye chini haoni kofia ya aliye juu. Hakuna unyevu hata wa mate.

Ndipo Roba akanyoosha simu yake. Roba ni mtu wa Wajir, tunamwita Taarifa, maana habari zote humpitia yeye kwanza. Pichani ardhi ilikuwa ya rangi ya kutu, katikati pana shimo jeusi, na mistari imetawanyika pande zote.

— Setilaiti, hapa pana maji?

Keinan akaikazia jicho la kazi.

— Mengi sana. Hiki kisima cha zamani. Ona njia zinavyopanuka zikikaribia. Ni wapi, kule Eldas?

— Ni Mirihi. Ile sayari. Karibu na ncha yake ya kusini.

Gogo zima likacheka. Mimi sikucheka, nilimnyooshea Keinan kiganja anirudishie pesa. Roba akaeleza wanavyosema wanaozisoma picha hizo: kipupwe kikija, hewa ya huko huganda ikawa barafu, jua likirudi, hewa hubanwa chini ya ile barafu, ikaipasua na kuchimba mifereji. Hakuna kwato hata moja.

Mtu mwingine angenyamaza. Lakini Keinan akinyamaza, analipa.

— Hao wasomi wamewahi kuchunga? akauliza. Hizo ni njia za ngamia, wallahi.

Abshir akamuunga mkono. Huyu ni Wakili, hajawahi kuingia mahakamani ila humtetea kila mtu. Alisema ngamia walikuwepo, wakafagiliwa na ukame, na kutoonekana si kutozaliwa. Akamalizia na asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wala hatukujua guu la nani. Keinan akapata nguvu mpya: wenye ngamia walihama, wakashukia kwetu. Vile visima vya kale vya Wajir, nani aliwaona waliovichimba?

— Warya, we Keinan, babu zangu wamekunywa pale. Usinipakie watu wa Mirihi.

— Walikunywa, Roba. Sijasema walichimba.

Roba akasimama. Ugbad, bila kuinua macho jikoni, akasema atakayevunja kikombe atakinunua.

Kando yake alisimama mwanamke tusiyemjua, baadaye tukaambiwa anaitwa Hawo, aliyemletea Ugbad maziwa ya ngamia na sasa akingoja arudishiwe mtungi wake. Alikuwa amesikia yote. Akamgeukia Keinan kwa upole.

— Ndugu, hayo maji uliyaonja?

— Ya wapi? Ya Mirihi ama ya shamba la huyu?

— Yoyote.

Keinan akaitazama simu. Akamtazama Wakili, naye Wakili alikuwa anapuliza kikombe kilichokwisha zamani. Roba akaketi.

Baadaye Abshir akajaribu sulhu. Nipokee nusu, akasema, kuteleza si kuanguka.

— Mimi sikuchimba nusu shimo. Ngamia wa Mirihi wawepo, wanywe, wazaane, si kesi yangu. Keinan, elfu sitini zangu. Hapa, mkononi.