Kilichokuwa Kinamharisha Mama Mle ICU

Assalamu alaikum, ndugu zangu! Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, maana hooyo, mama yangu, leo anapumua bila mashine!

Mimi ni yule wa kidato cha tatu anayekaa nyuma hapa darsani. Nimeandika, ustadhi atawasomea. Tafadhali msigeuke kuniangalia.

Hooyo alishikwa na nimonia, akalazwa ICU hapa Garissa. Mrija mmoja wa kupumua, mwingine puani wa kumpitishia chakula, na dawa kali za kuua vijidudu mshipani. Kifua kikapata nafuu, tukafurahi. Halafu akaanza kuhara. Ndugu zangu, maji matupu! Shuka halijakaa sawa, limelowa tena. Daktari akasema figo zinachoka, tunaweza kumpoteza.

Eedo Habiba, dada wa baba, akaja kutoka Hulugho. Akaninong'oneza, "Unasoma lakini huoni. Yule nesi anamwekea kitu kwenye mrija." Nikaamini! Nesi akichanganya ule uji mweupe wa mrijani, mimi namkodolea. Akanigeukia: "Dada, mbona unaniangalia kama nimeiba mbuzi wenu?" Niliona haya, lakini sikuacha.

Ndipo nikaona la ajabu. Nesi alipotoka, eedo akatoa chupa chini ya jilbabu, akavuta maziwa ya ngamia kwa bomba la sindano, akayasukuma mrijani. Kwetu maziwa hayo husafisha tumbo. Lakini mimi niliwaza mengine: huyu na hooyo hawajapatana tangu arusi! Nikamwita nesi.

"Walahi, nimuue mke wa ndugu yangu?" eedo akalia. "Ni ya ngamia wangu mwenyewe, na nimempa leo tu!"

Nesi akayakataza, maana mabichi yanaweza kuzidisha ugonjwa. "Lakini mama huyu alianza kuhara kabla wewe hujafika," akamwambia.

Kumbe daktari naye alikuwa na mashaka yake. Alishuku chakula cha mrija, alishuku dawa za maji zenye utamu, na zaidi alishuku ile dawa kali. Inaua vijidudu vya kifua, inaua na vile vinavyolinda utumbo, kimoja kibaya kinabaki kinatawala. Choo kikapelekwa maabara, nami nikasujudu uani nikilia, "Ya Allah, nibakishie hooyo!"

Kile kijidudu kibaya ndicho kilichopatikana! Dawa ikabadilishwa, akaongezewa maji. Tukaamriwa kunawa kwa sabuni, kwa kuwa ile jeli ya mikono haikiui. Eedo akasimama kwenye bomba kama askari: "Hujanawa, huingii!" Hata daktari alirudishwa.

Kuhara kukakoma. Figo zikaamka. Mrija wa kupumua ulipotolewa, hooyo akaniuliza kwa sauti iliyokwaruza, "Umekula?" Alhamdulillahi!

Ndugu zangu, mwenye mgonjwa mle ndani, mashaka yako mpelekee daktari, usimpe shetani akuchagulie mkosaji. Na mtegemee Allah. Yeye alijua kilichokuwa tumboni mwa hooyo kabla maabara haijafunguliwa.