Darasa Zima la Januari Mosi

Benchi ya kahawa ya Akiru, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, inatazamana na lango la shule, na sisi tunaoikalia tuna jibu la kila kitu. Asubuhi moja ya Februari 2013 akaja Barnabé, Mkongomani anayetunza kompyuta ya shule, tunayemwita Daktari. Uso ulikuwa umemshuka, laptopu kwapani. Ofisi ya elimu ya Lodwar ilikuwa imetuma programu ya kuandikisha darasa la nane kwa mtihani, nayo ilikataa kabisa Python 2.4, lugha kuukuu ya kompyuta yetu. Barnabé alitumia siku tatu kuihamishia kompyuta kwenye toleo jipya, 2.7. Gari la Lodwar lilikuwa linaondoka saa nne. Bila orodha, watoto thelathini na wanane, na binti yake Elyse akiwemo, wangekosa mtihani.

— Ejok, Daktari. Imekubali? — Akiru akamsalimu kwa Kiturkana na kumuuliza, akimimina kahawa.

— Imekubali, lakini iko inadanganya! Batoto bote bamezaliwa tarehe moja Januari. Nimeiharibu, mama. Ile programu ya zamani iliandika majina tu, haikuwa na uongo. Nairudisha.

— Wallahi, hiyo mpya ni ya Wazungu, — akasema Malual, ambaye kwa urefu wake tunamwita Mnara. — Wazungu wanapenda Mwaka Mpya. Imegawia watoto sikukuu.

— Wacha, Mnara. — Huyo ni Kipchumba, karani wa shule, jina lake la benchi Sirkal, yaani Serikali. Ndiye angebeba orodha hadi Lodwar. — Ni joto. Mashine ikichemka inabaki na namba moja tu. Ipelekwe Kitale kwenye baridi, ipoe.

— Joto gani? — akasema Malual. — Yenyewe ilitoka kiwandani Januari. Inafikiri watoto pia wametoka kiwandani!

Gari likapiga honi. Barnabé akaanza kuirudisha ile ya zamani.

— Samahani, papa, — akasema Mathilde, mama aliyefika kutoka Burundi wiki hiyo. — Wewe karatasi yako ya usajili inasema ulizaliwa lini?

Barnabé akaitoa mfukoni. Malual naye akaitoa yake. Januari mosi. Januari mosi.

— Na yangu, — akasema Mathilde. — Niliwaambia siku siijui, wakaniandikia hiyo.

— Kumbe haikuharibika! — Barnabé akaruka, kahawa ikamwagika. — Inasoma karatasi za watoto sawasawa!

Akanakili orodha kwenye flashi, akampa Kipchumba, aliyeitia kwenye mfuko wa shati.

— Na Elyse, hasa, alizaliwa lini? — Mathilde akauliza.

Barnabé akatazama kikombe chake kitupu.

— Tulikuwa njiani, tunakimbia. Mvua ilinyesha.

Akiru akamjazia kikombe.

— Matokeo hutoka Krismasi ikipita, — Akiru akasema. — Basi Januari mosi njooni hapa. Tutamwimbia.

— Na mimi wa Agosti je? — akauliza Kipchumba.

— Kimbia, Sirkal, gari! — tukampigia kelele.

Akakimbia, mikono yote miwili imeshika mfuko wa shati.