Mguu wa Kiberiti

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha fundi viatu, na kila asubuhi wanaume watatu walikuwa wameshaketi, birika la kahawa katikati yao kama mgonjwa anayeuguzwa. Wa kwanza ni Kocha, kinyozi ambaye hajawahi kufundisha hata timu ya ukoo. Wa pili ni Takwimu, karani mstaafu asiye na hoja isiyo na namba. Wa tatu ni Ughaibuni, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliwahi kukaa nje ya nchi siku kumi na moja, nane kati ya hizo akiwa kitandani na homa. Fundi alikaa kwenye kigoda, uso kwa kazi, mgongo kwa barabara, akishona viatu vya Kocha na kusikiliza. Siku hiyo kesi ilikuwa ya Kiberiti, mtoto wa mtaa huohuo, aliyekwenda nje kucheza mpira wa kulipwa miaka saba iliyopita. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba klabu yake imeachana naye.

— Mistari miwili! — alisema Kocha akilikunjakunja gazeti. — Hata mbwa akipotea hupewa minne.

— Huyo alikwisha zamani, — Takwimu akadakia. — Misimu saba, klabu tano. Piga hesabu. Ni mtu ambaye hajawahi kumaliza kutoa nguo sandukuni.

— Tatizo ni baridi, — alisema Ughaibuni. — Niulizeni mimi niliyeishi huko. Inaingilia unyayoni, inapanda taratibu. Ikifika pajani, basi, unaupiga mpira leo, wenyewe unaondoka kesho.

— Mbona wenyeji wanacheza?

— Wenyeji wamezaliwa nayo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Methali hiyo haihusu baridi, bwana.

— Inahusu mguu!

Kocha akajimiminia kahawa, akaipuliza.

— Baridi wapi! Kijana alichemsha tu. Amenenepa, anasugua benchi, na akiingizwa uwanjani anakimbia kama mtu anayetafuta funguo zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimwambia asiende.

— Wewe? — Takwimu akacheka. — Siku anaondoka si wewe uliyebeba ngoma?

— Niliibeba kwa uchungu.

— Haya, nisikilizeni. — Takwimu akashusha sauti, wenzake wakamwinamia. — Alipoondoka hapa alikuwa na urefu wa sentimita mia na sabini na nane. Huko wameandika mia na themanini na moja. Mtu mzima harefuki. Yule anayecheza si Kiberiti. Kiberiti amemkodisha mtu jina.

— Na yeye mwenyewe yuko wapi?

— Anaosha magari.

— Bora hilo, — alisema Ughaibuni. — Mimi najua zaidi. Kabla ya kusajiliwa alipimwa afya siku tatu. Siku tatu! Mtu mwenye miguu miwili unampima nini siku tatu? Waliunakili mguu wake. Sasa wanao wao, yeye wa nini?

Wakacheka mpaka ubao ukalia. Fundi naye akacheka. Hakuwa na sababu ya kumtetea Kiberiti. Kijana huyo alikuwa akikaa pekupeku palepale kwenye kigoda cha wateja huku Fundi akimshonea njumu zilizoachama, na alipopata safari akaapa kwamba jezi yake ya kwanza itakuwa ya Fundi. Miaka saba.

— Aliniahidi jezi, — Fundi akasema bila kuinua macho. — Mpaka leo hata soksi sijaiona. Mdomo wake ndio uliokuwa na mbio, si miguu.

Hapo ndipo kivuli kilipoiangukia ngozi aliyokuwa akiishona. Mwanamke alikuwa amesimama nyuma yake, mfuko mkononi.

— Habari za asubuhi.

— Nzuri. Karibu, dada.

Akatoa viatu vya kiume, vyeusi, ambavyo bado havijafanya mikunjo.

— Nataka soli ya kiatu kimoja iongezwe. Unene wa vidole viwili.

Fundi aliwahi kufanya kazi hiyo mara moja tu, kwa mwashi aliyeanguka kutoka ghorofani. Ilikuwa na maana moja: mguu umefupika.

— Pole sana. Ni ajali?

— Aliumia kazini, miezi kumi sasa. Wamempasua mara tatu, mfupa umekataa.

— Kazi gani hiyo?

— Mpira.

Kocha alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha bila kunywa.

— Mimi ni dada yake, — mwanamke akasema. — Nililelewa kwa bibi, nikaolewa mbali, hamnijui. Nimekuja kumuuguza. Yuko nyumbani kwa marehemu mama, wiki ya tatu leo, hatoki nje. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda tangu mlipokuwa kwenye habari za baridi.

Fundi akakamata chaki, maana mkono uliozoea kazi hukimbilia kazi.

— Ni mguu gani, dada?

Mwanamke aligeukia benchi.

— Waulize hawa wazee wangu. Wamemsema asubuhi nzima. Haya, ni mguu gani?

Takwimu akafungua mdomo. Namba zote alizokuwa nazo, na majibu yalikuwa mawili tu, lakini hakuwa na hata moja. Ughaibuni alitazama viatu vyake. Kocha alilifungua tena gazeti, kana kwamba ile mistari miwili imezaa wa tatu.

— Na wewe, Fundi, — akasema mwanamke. — La jezi nimelisikia.

Fundi aliijua miguu ile kwa mikono yake. Alijua ni kidole gani kilitoboa njumu kwanza. Lakini hilo aliloulizwa hakulijua.

— Sijui, dada, — akasema. — Nipeleke nikampime.

Akafunika sanduku la vifaa, akajitundika futi kamba shingoni.

— Fundi, na viatu vyangu je? — Kocha akaita.

— Kaa pekupeku.

Kiberiti alikuwa katika chumba cha uani, karibu na dirisha, magongo yameegemea ukuta. Alimtazama Fundi, kisha akatazama chini.

— Shikamoo, Fundi.

— Marahaba, mwanangu. Simama wima, shika dirisha. Usijikaze.

Akasimama. Mguu wa kushoto ukakanyaga sakafu. Kisigino cha kulia kikabaki hewani. Fundi akapiga magoti. Futi kamba aliisahau shingoni. Akapenyeza vidole chini ya kisigino: cha kwanza, cha pili, na cha tatu nacho kikaingia.

— Dada alikwambia vingapi? — Kiberiti akauliza.

— Viwili.

— Na mimi huniambia hivyohivyo.

Fundi akavichomoa vidole.

— Basi tusimwambie, — akasema. — Mimi nitashona vitatu.